Kikofia cha Mzee Feliksi

Zaitun akirudi kutoka shuleni, kwanza hufua soksi zake na kuzianika. Halafu hula ugali uliofunikwa jikoni, huosha sahani, kisha huenda kukaa na bibi yake barazani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Bibi hapendi kukaa peke yake, na Zaitun hapendi kuongea, kwa hiyo wanafaana.

Nyumba yao ipo Rusimbi, karibu na ziwa. Baba yake, Sefu, anashona nyavu za dagaa mwaloni, mitumbwi inakopakulia samaki. Mama yake anauza dagaa hao hao wakishakauka, na hurudi sokoni jioni. Mwaka huu dada yake mkubwa, Ummy, alikuja kujifungua nyumbani, kama ilivyo kawaida kwa mtoto wa kwanza. Alipata mtoto wa kiume, akaitwa Abdulatif. Tangu siku hiyo kazi ya barazani ikawa moja tu, shuka la vikofia.

Shuka la vikofia hutengenezwa hivi. Unatandaza kitambaa, unaweka kisahani juu yake, unachora kuzunguka kwa chaki, unakata. Unakunja ukingo wa hilo duara kidogo kwa ndani, huku ukipiga bandi, mishono ya juu na chini, kuzunguka mpaka urudi pale ulipoanzia. Halafu unavuta uzi. Duara linajikusanya lenyewe, linakuwa kama kofia ya mwanasesere. Unalibonyeza kwa kiganja linalala bapa, mikunjo yake imezunguka tundu dogo katikati kama ua. Unafunga fundo. Hicho ni kikofia kimoja. Vikishakuwa vingi unaviunga, kimoja ubavuni mwa kingine. Hakuna bitana chini. Ukiliinua shuka, mwanga unapenya katikati ya vikofia.

Bibi hatumii kitambaa cha dukani. Mtoto akizaliwa mtaani, kila jirani hutoa kipande cha nguo iliyovaliwa: kitenge kilichopauka, kanzu, gauni lililombana mwenyewe. Siku ya arobaini, mama na mtoto wanapotoka nje, mtoto hulazwa kwenye mkeka na kufunikwa shuka hilo. Kila aliyetoa kitambaa hutafuta kikofia chake, hukiwekea kidole, na kumwombea mtoto. Watu hulisifia shuka, lakini wanachokuja kufanya hasa ni kuweka kile kidole.

Zaitun hakushona peke yake. Alikuwepo Safina, binti wa shangazi yake, anayekaa Buzebazeba, ambaye alikuja likizo fupi na mdomo wake.

"Mwone huyu," Safina alisema siku ya kwanza, akiinua kikofia cha Zaitun. "Hiki si kikofia. Hiki ni kikaango."

Kweli tundu lilikuwa kubwa, kidole gumba kilipita. Zaitun alikuwa ameshona mishono midogo midogo, imenyooka, kama walivyofundishwa shuleni. Alivuta uzi mpaka ukakatika, na tundu halikuziba.

Bibi alikipokea, akakipapasa. Macho yake hayaoni vizuri mambo ya karibu, anategemea vidole.

"Umeshona vizuri mno," alisema. "Hii si sketi. Ukipiga bandi ndogo ndogo, mikunjo inakuwa mingi, inajaa, tundu linabaki wazi. Piga ndefu. Ulipoona halizibi, kwa nini hukuniuliza?"

Zaitun alitazama chini.

"Huyu kuuliza anaona kama kukopa," Safina alisema.

"Na wewe kunyamaza unaona kama kuumwa," Bibi alimjibu. "Shona."

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Safina alikata, Zaitun alishona, Bibi aliunga. Dada Ummy alikaa mlangoni kwa ndani na mtoto, akiwatania kwamba Abdulatif ataanza shule kabla shuka halijaisha.

Bibi ndiye aliyepita nyumba za jirani kuomba vitambaa, lakini kitambaa cha Mama Leonia kilikuja chenyewe.

Mama Leonia anakaa nyumba ya pili kutoka kwao. Hakujaliwa mtoto; Leonia ni jina lake mwenyewe. Mume wake, Mzee Feliksi, alikuwa fundi baiskeli, na alifariki mwaka jana wakati wa mvua. Siku hiyo alikuja na kitu kidogo kimekunjwa ndani ya leso. Alimkuta Zaitun peke yake, maana Bibi alikuwa anaswali ndani na Safina ametumwa dukani.

"Shikamoo Mama Leonia."

"Marahaba, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kiha. "Bibi yuko wapi?"

"Anaswali."

"Basi nikupe wewe." Alikunjua leso. Ndani kulikuwa na kipande cha shati, la kijani lenye miraba myeupe, laini kama karatasi iliyolowa. "Unalijua hili?"

Zaitun alilijua. Mtaa mzima ulilijua. Ummy alipokuwa mdogo aliwahi kupatwa na degedege usiku wa mvua, na Mzee Feliksi alimpakia kwenye baiskeli mpaka hospitali. Alivua shati lake akamfunika nalo. Yeye mwenyewe alifika kifua wazi, na manesi wakadhani mgonjwa ni yeye.

"Kwingine kote kumeliwa na panya," Mama Leonia alisema. "Kimebaki hiki tu, cha mgongoni. Nikasema kama alimfunika mama mtu, basi na mtoto amfunike. Kishone wewe. Una mkono wa taratibu. Ila kiangalie, kimechoka."

"Sawa, Mama."

"Kisije kikachomoka."

"Hakitachomoka."

Yalikuwa maneno machache, lakini Zaitun aliyachukua kwa uzito. Alikata duara kwa uangalifu, kikabaki kiukingo chembamba tu cha kukunjia. Alipotunga uzi wa pamba kwenye sindano, alifikiria jinsi ule uzi ulivyomkatikia siku ya kwanza. Alifikiria neno lile, kisije kikachomoka. Kisha aliinuka akaenda ukumbini, kwenye mfuko wa kazi wa baba yake.

Mle ndani kulikuwa na uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Zaitun ameukuta uzi huo tangu azaliwe. Unavuta nyavu zilizojaa dagaa usiku kucha na haukatiki. Hata nguo za nyumbani huanikwa juu yake. Kama kuna kitu duniani kisichochomoka, aliona ni huo. Alichagua ule mwembamba, akakata kipande.

Aliporudi, Bibi alikuwa ameshatoka na ameketi. Ilikuwa nafasi ya kuuliza. Zaitun alifungua mdomo, akaufunga. Alishona kimya kimya kwa uzi wa baba. Kikofia kilijikusanya vizuri kuliko vyote alivyowahi kushona, tundu likaziba kabisa. Alifunga fundo moja kama afanyavyo kwenye pamba, na kwa uzi ule ule akakiunga yeye mwenyewe katikati ya shuka, kati ya kitenge cha jirani na kanzu ya babu.

Bibi alikipitishia kidole. "Hiki kimekaza," alisema. "Cha nani?"

"Cha Mzee Feliksi."

"Vizuri."

Siku moja kabla ya arobaini shuka lilikuwa tayari. Bibi ana sharti moja, shuka halimgusi mtoto kabla ya kufuliwa na kupigwa jua. Bomba la mtaani lilikuwa halitoi maji, kwa hiyo aliwatuma wasichana ziwani asubuhi na beseni na sabuni.

"Mfulie ndani ya beseni," aliwaambia. "Mchote maji, mfulie humo, msuuzie humo. Msilitose ziwani."

"Sawa, Bibi," walijibu wote wawili.

Walifua vizuri. Shuka likizama kwenye povu lilikuwa zito kama mtu. Walipomwaga maji ya kwanza, wakachota mengine, povu halikuisha. Wakachota tena.

"Tutachota mpaka lini?" Safina alisema. "Ziwa si hili hapa? Wewe shika huku, mimi huku, tulichovye mara moja tu, povu lote linaondoka."

"Bibi amesema—"

"Bibi amesema tusilitose. Kutosa ni kuachia. Sisi tumeshika."

Walikunja nguo zao magotini wakaingia, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Shuka lilitandazika juu ya maji na rangi zote zikawaka. Lilipendeza. Wimbi lilikuja, si kubwa, likalinyanyua shuka katikati, halafu likarudi.

Walipoliinua, maji yalichuruzika kutoka kila mahali, na katikati palikuwa na pengo.

Zaitun aliliona pengo kwanza. Kisha aliuona uzi. Uzi wa nailoni ulikuwa umening'inia kwenye kitenge cha jirani, mzima, haujakatika popote. Kitambaa ndicho kilichoondoka. Kilikuwa kimefunguka, kimekuwa duara tena, na kilielea hatua chache mbele yake, kijani na miraba myeupe.

Aliachia upande wake wa shuka akakifuata. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Safina aliita jina lake. Wimbi lingine lilipita, na lilipopita hakikuwepo tena. Alipapasa chini ya maji. Alishika jani, akashika tena jani. Alikaa pale mpaka Safina akaja akamvuta mkono.

Waliketi ufukweni na shuka limewalowesha mapaja.

"Sikiliza," Safina alisema. "Mimi ndiye niliyesema tuingie ziwani. Basi mimi ndiye nitakayetengeneza. Unamjua fundi Castory? Ana gunia la vipande pale chini ya cherehani. Ameshona sare za shule fulani, ni za kijani na miraba myeupe. Nimeziona kwa macho yangu."

"Si shati la Mzee."

"Nani atajua? Bibi haoni. Mama Leonia mwenyewe hata akiwa na miwani hawezi kutunga sindano. Zaitun, arobaini ni kesho. Unataka ukamwambie nini yule mama? Kwamba mume wake ameliwa na samaki hawa migebuka?"

Safina alikimbia kwa fundi Castory, akarudi na kipande. Kilifanana. Rangi ilikuwa imekolea zaidi, lakini Safina alikisugua kwa mchanga na sabuni mpaka kikapauka. Zaitun alikishona mwenyewe, safari hii kwa uzi wa pamba, akakiweka mahali pa kile kingine. Walianika shuka juu ya nyasi. Lilipokauka hapakuonekana pengo lolote. Bibi alilipokea, akalinusa, akasema limetakata.

Mama Leonia alikuja alasiri hiyo. Alikuja na migebuka mikavu imefungwa kwenye gazeti, mchango wake wa chakula cha kesho, akaiweka mkekani mbele ya Bibi.

"Mwiliwe," aliwasalimia kwa Kiha, kama kawaida yake mchana.

"Karibu, jirani," Bibi alisema. "Zaitun, mpe mama kigoda."

"Sikai. Nimekuja kuchungulia tu. Kesho mtakuwa wengi, mtanikanyaga."

Ummy alitoka mpaka mlangoni na mtoto mkononi. Bibi alilitandaza shuka magotini kwake, na Mama Leonia aliinama. Macho yake yalipita juu ya kitenge hiki na kile. Alipofika katikati alisimama. Aliweka kidole, akazungusha polepole juu ya mikunjo ya kijani.

"Ego," alisema, yaani ndiyo kwa Kiha. "Umefika, mzee."

Alicheka kidogo. Zaitun hakumbuki kama amewahi kumwona anacheka tangu msiba.

"Alikuwa hapendi shati hili," Mama Leonia alimwambia Ummy. "Nilimnunulia mimi. Akasema anaonekana kama kitambaa cha meza. Halafu siku ile alipokupeleka, akarudi bila shati, nikamwambia umepata sababu ya kuliacha. Akasema hapana, nitalifuata. Akarudi hospitali kwa miguu kulifuata." Alifuta pembe ya jicho. Kidole chake kilikuwa bado palepale. "Kesho nitakuja mapema. Nataka niwe wa kwanza kumgusa."

Safina alikuwa anatazama ukuta. Zaitun alikuwa anatazama kile kidole. Kilikuwa kinazunguka, kinazunguka, juu ya kitambaa cha sare.

"Mama Leonia," Zaitun alisema.

Watu wote waligeuka, kwa sababu hakuna aliyezoea kumsikia akianza yeye.

"Hicho siyo."

"Siyo nini, mwana wanje?"

Safina alimkanyaga mguu. Zaitun aliuondoa mguu.

"Siyo shati la Mzee Feliksi. La Mzee limechukuliwa na maji leo asubuhi. Tulilisuuzia ziwani. Hicho ni kitambaa cha fundi Castory. Nimekishona mimi."

Mama Leonia hakuondoa kidole mara moja. Alikitazama, kana kwamba kidole ndicho kilichosema. Kisha alikiondoa, akakifuta kwenye kanga yake. Alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaondoka. Hakuaga. Migebuka ilibaki mkekani.

Ummy alimrudisha mtoto ndani.

"Njooni hapa," Bibi alisema. "Wote wawili. Anzeni mwanzo."

Safina alianza, na kwa mara ya kwanza hakuongeza chumvi. Alisema ziwa lilikuwa wazo lake, na fundi Castory pia. Zaitun alieleza kuhusu uzi. Alipofika hapo, baba yake alikuwa ameshaingia na mfuko wake begani. Aliomba auone huo uzi. Zaitun alikuwa ameuhifadhi, akampa.

Sefu aliuviringisha kati ya vidole. "Ulifunga vipi?"

Zaitun alimwonyesha.

"Hapana. Nailoni inateleza. Ukiifunga fundo moja, ikiwa kavu inakudanganya, inatulia. Ikikutana na sabuni inafunguka. Sisi tunafunga mara mbili, tunavuta kwa meno, tunachoma ncha kwa moto." Alimrudishia. "Na hata ungefunga hivyo, isingesaidia. Nyavu ni nailoni kwa nailoni. Shati lilikuwa limechoka. Uzi huu ukivutwa na maji haukatiki wenyewe, unakata kitambaa."

"Nilitaka kisichomoke, Baba."

"Najua. Ndiyo maana ulichukua ulio na nguvu kuliko yote. Mimi nilikuwa mwaloni tu, na bibi yako alikuwa hapo hapo. Ungesema, Baba, huu unafaa shati?"

Zaitun alitazama chini, kama siku zote.

"Toeni hicho kitambaa cha sare," Bibi alisema.

"Tuweke nini, Bibi?" Safina aliuliza.

"Msiweke kitu. Mahali pale si petu. Mwenyewe ndiye atakayesema." Kisha alimgeukia Zaitun. "Asubuhi utakwenda kwake. Peke yako. Mimi sitakusemea, na Safina hatakusemea."

Zaitun alikifumua kile kikofia. Haikumchukua muda. Pengo lilirudi, pana kama kiganja.

Asubuhi alimkuta Mama Leonia anachambua maharage uani. Baiskeli ya Mzee Feliksi ilikuwa imeegemea ukuta, haina matairi. Njiani Zaitun alikuwa amepanga maneno mengi mazuri, na alipofika hakuyapata.

"Mwakeye," alisema kwa Kiha, kwa sababu alijua Mama Leonia hupenda kusalimiwa hivyo asubuhi.

"Mwakeye. Bibi amekutuma?"

"Amesema nije. Lakini ningekuja."

Mama Leonia aliendelea kuchambua. "Haya. Sema."

Zaitun alisema. Alieleza uzi wa nailoni, alieleza fundo, alieleza kwamba aliingia mpaka maji ya kifua. Alisema, "Ulinipa mimi, na nilikuambia hakitachomoka. Nisamehe, Mama." Halafu maneno yakaisha, akasimama tu.

"Imeniuma," Mama Leonia alisema. "Sitakudanganya na mimi. Nimelala vibaya." Alitupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Niambie kitu kimoja. Jana nilikuwa nimeshaamini. Nilikuwa nimefurahi. Kwa nini hukuniacha nifurahi?"

Zaitun alifikiri. Alikuwa hajajiuliza hivyo.

"Ulikuwa unaongea na Mzee," alisema. "Na Mzee hakuwepo pale."

Mama Leonia aliuacha mkono ndani ya ungo.

"Ningekuwa naongea na sare ya shule," alisema, na mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja. Halafu ukatulia. "Nenda nyumbani. Kuna kazi kwenu leo."

"Utakuja, Mama?"

"Sijui. Nenda."

Adhuhuri ilipopita, watu walijaa. Dua ilisomwa, pilau likapakuliwa. Ummy alitoka nje amevaa kitenge kipya, akamlaza Abdulatif kwenye mkeka uani, na Bibi akamfunika shuka la vikofia. Wanawake walipanga mstari, kila mmoja akatafuta chake. "Hiki cha kwangu, kitenge cha Bujumbura." "Jamani, hili gauni nililivaa nikiwa na kiuno." Waliweka kidole, wakaomba, wakampisha mwingine. Wengine waliliona lile pengo, wakatazamana, lakini Bibi alikuwa amekaa palepale, na hakuna aliyeuliza.

Zaitun alisimama karibu na mlango. Mfukoni alikuwa na sindano na uzi wa pamba. Kila mtu akiingia kutoka barabarani, alitazama.

Mstari ulikuwa umeshaisha Mama Leonia alipokuja. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Wanawake walimpisha. Alipiga magoti kwenye mkeka, akalitazama shuka, akalikuta pengo.

"Leonia," Bibi alisema kwa sauti ya chini, "leta kitambaa chochote unachotaka. Cha kwako, cha kwake. Zaitun atakishona sasa hivi mbele yako."

Zaitun alishatoa sindano.

Mama Leonia aliweka kidole chake pale ambapo wenzake waliweka vyao, lakini pale hapakuwa na kitambaa. Kidole kilipita. Abdulatif alikuwa anatupa mikono chini ya shuka, kama watoto wachanga wafanyavyo, na mkono mmoja ulikigonga kile kidole, ukakishika.

Mama Leonia alikaa hivyo. Alijaribu kukitoa polepole, na mtoto hakukiachia.

"Ana nguvu huyu," alisema.

"Kama nailoni," Safina alinong'ona, na Ummy akamfinya.

Mama Leonia alisema maneno yake kwa Kiha, taratibu, macho amefumba. Alipomaliza alimtazama Bibi. "Pasizibwe," alisema. "Shoneni ukingo wake tu, pasizidi kuchanika. Nikija kumwona nitapitia hapo." Kisha alimgeukia Zaitun. "Utashona wewe. Uzi gani?"

"Pamba, Mama. Nimeshamuuliza Bibi."

"Ego."

Jioni, watu walipoondoka, Zaitun na Safina walikaa barazani wakishona ukingo wa lile pengo, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Bibi alikuwa anawasikiliza wakifanya kazi.

"Nitawaambia neno moja, halafu mnitilie chai," alisema. "Kukosea uzi si dhambi. Kila mtu anayeshona amekosea uzi. Zaitun, ungeuliza, shati lingekuwepo, na hilo ulikumbuke. Na lilipopotea, mlikuwa na njia mbili. Mngemwachia yule mama kitambaa cha uongo akishike maisha yake yote, au mngempa pengo la kweli. Pengo la kweli limemuuma siku moja, lakini leo mtoto amemshika mkono. Sare ya fundi Castory ingemshika nani?"

Safina aliinuka kwenda kutia chai.

Zaitun alifika mwisho wa mshono wake. Alivuta uzi, akautazama, akashikilia ncha bila kuifunga.

"Bibi," alisema, "hapa nifunge fundo moja au mawili?"

"Mawili," Bibi alisema.